Mikono ya Mama na Moyo Wake

Mama yangu alilima pamba kijijini Ngulyati maisha yake yote, na ugonjwa wake ulianzia mikononi. Vidole vya mikono yote miwili vilivimba kwenye maungio. Asubuhi alikaa kwenye kigoda mpaka jua lipande, ndipo aweze kukunja ngumi. Majirani walisema ni baridi yabisi, uzee umebisha hodi. Hakuwa mzee. Mimi nafundisha shule ya msingi Bariadi mjini, na kila Jumamosi nilikwenda kumkanda kwa maji ya moto na kumpelekea vidonge vya maumivu kutoka duka la dawa. Tulifanya hivyo miaka minne.

Jumamosi moja nilimkuta akisonga ugali, mwiko ameubana kwa viganja. Alipoinuka kufuata sahani alisimama katikati ya njia, mkono ukutani, akihema kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

"Mayu," nilimwita mama kwa Kisukuma, "hali hii imeanza lini?"

"Tangu wakati wa kuvuna."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe unakuja kwa ajili ya mikono," alisema. "Ugonjwa mmoja unakutosha."

Jumatatu niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, mpole wa maneno. Alibonyeza vidole kimoja kimoja, akayatazama magoti, kisha akaweka kipimo chake kifuani na kusikiliza kwa muda mrefu. Aliagiza vipimo vya damu na picha ya moyo. Kesho yake alituita ndani.

"Mama, haya si magonjwa mawili," alisema. "Kinga ya mwili wako imekugeuka, inashambulia maungio. Lakini haiishii kwenye vidole. Imefika kwenye moyo. Kuna maji kwenye mfuko unaouzunguka, na moyo wenyewe umechoka."

Nilimweleza mama kwa Kisukuma. Nilieleza vizuri, sentensi moja baada ya nyingine, kama ninavyowasomea wanafunzi imla. Nakumbuka nilikuwa nawaza kama chaki zilizobaki kabatini zingefika Ijumaa.

Mama alimtazama daktari. "Na kama ningekuja mapema?"

"Tungeanza dawa mapema," alijibu.

Alilazwa siku kumi. Alirudi nyumbani na dawa za moyo za kila siku, na nyingine ya maungio ya mara moja kwa wiki, ambayo aliimeza Jumapili akitoka kanisani. Uvimbe ulipungua. Siku moja alinionyesha anavyoweza kujifunga kitenge mwenyewe. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena. Nilidhani tumevuka. Lakini pumzi haikurudi kama zamani, na kila mwezi miguu yake ilijaa zaidi.

Simu ilikuja nikiwa kwenye kipindi cha hesabu. Shangazi alisema mama alikuwa anabangua karanga, akaegemea ukuta, hakuinuka tena. Nilisema, "Sawa." Nilirudi ubaoni nikamaliza mfano wa kugawanya, nikasahihisha madaftari ya safu ya mbele, halafu ndipo nikaenda ofisini kuaga.

Msibani watu waliuliza amefia nini. Nilisema ni ugonjwa ulioanzia mikononi. Mzee mmoja wa ukoo alinijibu taratibu, "Mtu hafi kwa mikono, binti yangu." Nilikuwa na maelezo yote ya daktari kichwani, lakini sikuyatoa. Shangazi akasema ilikuwa presha, na wote wakaridhika.

Sikulia siku ile, na mpaka leo sijalia. Mwezi uliopita nilikwenda kwa daktari yule yule. Sikuwa naumwa popote. Alikagua mikono yangu, akanisikiliza kifua.

"Kwa sasa uko salama," alisema. "Ila ukianza kuamka vidole vimekaza, usisubiri. Na pumzi ikibadilika, niambie hata kama sijakuuliza."

Nilimshukuru. Nje nilipata bodaboda, nikawahi kipindi cha nne.