Chai ya Bizimu

Bizimu la mke wangu nililinunua Louisville, kwenye duka la vitu vya mitumba, na tangu siku hiyo sikuliamini. Ni pini ya kifuani ya chuma cheusi, juu yake majani ya mianzi ya dhahabu. Muuzaji alisema Wajapani huchanja chuma mistari myembamba kama uzi wa kitambaa, kisha huigongelea dhahabu ndani hadi iumane. Dada yangu wa Columbus, ambaye hajawahi kuamini kitu nilichonunua, aliligeuza mara mbili akasema ni rangi ya kupuliza.

Mimi, mtu wa shahada mbili, niliamua kupata ushahidi. Nikalisugua kwa siki na steelwire ya kusugulia sufuria. Jani moja likang'oka, na kufikia asubuhi chuma kilikuwa na kutu. Mke wangu alitaka kulivaa Ijumaa, siku ya kula kiapo cha uraia. Sikumwambia.

Nikaenda East Side, hapa Buffalo, kwa Mkongo aliyekuwa sonara Bukavu na sasa anafunga maboksi ghalani. Tukapatana malipo. Akalichunguza, akasema, "Bon, muzee, jani litarudi. Lakini hii chuma inaomba chai. Mingi."

Nimekulia Dar es Salaam. Huko mtu akikuomba chai, birika halihusiki. Nikateleza noti ya dola ishirini chini ya kisahani mezani kwake, nikatazama dirishani kama mtu mzima.

Akaiangalia noti, akaniangalia mimi. Akauliza kama kule Amherst ninakoishi hawauzi majani ya chai.

Nikaona huo ni ujanja wa juu zaidi: ananituma dukani ili abadilishe bizimu. Nikaenda nalo mfukoni, nikarudi na pakiti mbili, na sikubanduka jikoni kwake. Aligonga jani taratibu kwenye mistari yake. Kisha akalitumbukiza bizimu kwenye sufuria ya chai iliyokuwa ikichemka.

Nilisimama.

"Kaa, muzee. Chai inasimamisha kutu, inaleta weusi. Na Wajapani wanapika vile." Akakoroga. "Ulifikiri naomba rushwa?"

Nikasema hapana, haraka mno. Hakucheka. Alilikausha, akalipaka mafuta, akalifunga kwenye gazeti mwenyewe.

Ijumaa mke wangu alilifungua gazeti. Bizimu lilikuwa jeusi kuliko nilipolinunua. Pamoja nalo ikaanguka noti ya dola ishirini.

"Hii ya nini?"

"Ya chai," nikasema.

Naye amekulia Dar. Akaliweka bizimu mezani, akavuta kiti. "Nani kakuhonga, na kwa lipi?"

Ikabidi nianzie kwenye siki.