Mgonjwa wa Mfano

Mama yangu tulimzika kijijini, upande wa Mara, hatua chache kutoka ziwani, na kaburi lake limeshaota majani. Lakini kwenye kompyuta za zahanati tunazozihudumia alikuwa akiugua malaria karibu kila asubuhi. Aliyemwingiza humo ni mimi. Aliyeagizwa amtoe ni mimi pia, na ndiyo maana naandika haya nikiwa nimechoka hivi.

Kazi yangu ni kutengeneza video za mafunzo. Nikisema hivyo watu wanadhani napiga picha za harusi. Hapana, narekodi kioo cha kompyuta. Mfumo mpya wa kusajili wagonjwa ulipoletwa, zahanati zilikuwa nyingi, nyingine ng'ambo visiwani, na wa kwenda kufundisha hatukutosha. Bosi akaamua wahudumu wa mapokezi watumiwe video kwenye simu zao. Mshale unatembea, sauti inaeleza: bofya hapa, andika hapa, hifadhi. Sauti hiyo ni yangu.

Utasema hiyo nayo ni kazi? Njoo ujaribu. Ofisi yetu iko Nyegezi, si mbali na stendi, na basi la mikoani halijui kuondoka bila kupiga honi. Kwa hiyo narekodia stoo, katikati ya marobota ya vyandarua, kwa sababu vyandarua vinameza mwangwi. Vinameza na hewa. Feni huwezi kuwasha, itasikika. Ukisahau kufunga kundi la ukoo kwenye kompyuta, uko katikati ya sentensi, ujumbe wa shangazi unachomoza pembeni anauliza nani kaondoka na sufuria lake. Unarudia. Ukishapata utulivu, korongo anatua juu ya bati na kuanza kutembea taratibu, ko, ko, ko, kama mwenye nyumba anayekagua mali yake. Unarudia tena. Siku moja mdudu wa ziwani alitua kwenye kioo, nikahangaika kumsogeza kwa kipanya nikidhani ndiye mshale.

Jasho limeshanilowesha mgongo, nampelekea bosi. Ni kijana mstaarabu, mdogo kwangu kwa umri, na hana baya. Anasikiliza hadi mwisho, kisha anavua spika za masikioni.

"Iko vizuri, dada. Ila hapa mshale unatangatanga, na hapa sauti imechoka. Mtazamaji naye atachoka."

Mtazamaji atachoka! Na mimi je, ni chuma?

Kuhusu sauti, aliyenifundisha ni mama. Tulipokuwa wadogo, akitutuma kwa jirani kuomba chumvi, alikuwa akitushika bega mlangoni na kutuambia, "Kasemeni kama watu walioshiba." Hakutaka jirani asikie njaa yetu kwenye salamu. Mpaka leo nikiwasha kinasa sauti naliweka bega langu sawa na kusema kama mtu aliyeshiba, hata kama tangu asubuhi nimekunywa chai ya rangi tu.

Sasa, kila video inahitaji mgonjwa. Wagonjwa wa kweli hawaruhusiwi kuonyeshwa, na ni sawa kabisa, siri ya mtu ni siri yake. Bosi akasema, "Buni tu mtu yeyote." Nilikaa stoo nikaangalia kile kisanduku cha jina kikinisubiri, na vidole vyangu vikaandika jina la mama. Nikaandika kijiji chake. Nikaandika mwaka wake wa kuzaliwa, ambao hata yeye mwenyewe alikuwa akiukisia. Kwenye ugonjwa nikachagua malaria. Mwishoni kuna kisanduku cha ndugu wa karibu, mfumo haukubali kikiachwa wazi, nikaweka namba yangu ya simu. Sikulia wala nini. Lilikuwa ndilo jina lililonijia, na marehemu si mgonjwa wa zahanati yoyote, sikuona nimemvunjia mtu siri.

Mama hakufa kwa malaria. Presha ilimwangusha jikoni akigeuza ugali, majirani wakamkimbiza hospitali, na katika haraka ile hakuna aliyekumbuka kunipigia. Habari zilinifikia Butimba ninakoishi wakati mambo yameshaharibika. Nilipofika walikuwa wameshamfunika. Kwenye video yangu lakini anapokelewa vizuri, anapimwa, anapewa dawa, na mwisho sauti yangu inasema, "Bofya Ameruhusiwa." Nilibofya, na nilijisikia vizuri. Siwezi kusema uongo.

Video ikaenda. Siku chache baadaye nilikuwa nakunywa chai nyumbani, simu ikalia. Ujumbe ulisema: Ndugu, mgonjwa wako amepokelewa. Chini yake jina la mama, na jina la zahanati moja huko ng'ambo.

Yesu wangu! Nilikishika kikombe kwa mikono miwili. Kabla sijajua nimpigie nani, ukaingia wa pili: Ndugu, mgonjwa wako ameruhusiwa kurudi nyumbani.

Ndipo nikaelewa. Ndani ya mfumo kulikuwa na uwanja wa mazoezi, na video ilisema wazi wafanyie humo. Lakini mhudumu huko amefungua mfumo wenyewe, akaiweka simu pembeni na kunifuata neno kwa neno, jina kwa jina, mpaka namba ya simu. Nikasema nitamwambia bosi nikifika ofisini. Nilifika, sikumwambia.

Kesho yake zikawa zahanati mbili, kisha zikazidi. Baadaye nilikuja kujua sababu. Wengi waliona video inaanza na mama huyu, basi wakaamini na kazi ya siku inaanza na mama huyu. Kwetu huwezi kupita mlango wa mtu mzima asubuhi bila shikamoo, na wao wakaufanya usajili wake kuwa shikamoo ya kompyuta. Kwanza mama, halafu foleni.

Nikazoea. Nipo sokoni Mabatini nachagua nyanya, simu inalia, mama kafika kisiwani. Mama ambaye uhai wake wote aliogopa boti, alisema maji ni ya samaki, sasa akawa anavuka ziwa kila asubuhi na kurudi akiwa mzima. Nilikuwa nacheka peke yangu, muuza nyanya ananitazama. Ningeweza kuchoka na yote katika kazi ile, honi, joto, makorongo, mshale unaotangatanga, lakini ule ujumbe wa "ameruhusiwa" nilikuwa nausubiri. Usipokuja mapema nilikuwa nashika simu na kuiangalia, eti nione kama ina chaji.

Mambo ya namna hiyo hayadumu. Taarifa ya wagonjwa wa malaria ikapanda ngazi, na huko juu mtu mwenye macho akaona.

"Dada," bosi akaniita, amesimama, hajakaa. "Huyu mama ni nani? Anaumwa malaria kila zahanati, siku moja, saa zilezile. Wakubwa wanauliza!"

"Ni mgonjwa wa mfano."

Akashika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akakaa, maana kukasirika si kawaida yake. "Basi tengeneza video ya kumfuta. Fupi, safi, iende leo."

Nikaenda kuutazama mfumo. Ukitaka kumfuta mgonjwa, unaulizwa sababu, na sababu ni tatu tu: Amehama. Amefariki. Ameingizwa kimakosa. Nikarudi kwa bosi nikamwambia nitachagua Amefariki.

"Dada! Kila zahanati itaonekana imeua mtu kwa malaria. Tutaletewa tume hapa, mimi na wewe tutaeleza nini?"

"Lakini amefariki kweli. Ni mama yangu mzazi."

Akasema, "Pole, dada, sikujua." Halafu, kwa sauti ya chini, "Ila bado ni kimakosa."

Hakukosea, na hilo ndilo lililonitia hasira. Angekosea ningemjibu.

Nikaingia stoo nikafunga mlango. Mara ya kwanza sauti ilikatika kwenye jina. Nikarudia, ikakatika kwenye neno kimakosa. Nikarudia, korongo akatua juu ya bati, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nikamshukuru kwa kuniharibia. Mama yangu amezaa, amelea, ameanika dagaa juani mpaka mgongo ukapinda, halafu mimi mwanawe nikae katikati ya vyandarua niuambie ukanda mzima wa ziwa kwamba aliingizwa kimakosa! Nilikasirika na bosi, na aliyeunda mfumo, na mama mwenyewe kwa kuniachia sauti hii. Nikapumua. Nikaliweka bega sawa.

"Tafuta jina la mgonjwa. Chagua Ameingizwa kimakosa. Bofya Futa. Mgonjwa hataonekana tena."

Mshale haukutangatanga hata kidogo. Bosi alisikiliza mpaka mwisho, akasema hii ndiyo safi kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nikasema asante, nikaenda kunawa uso.

Kwenye kundi la wahudumu majibu yakaanza kuingia mchana uleule. Tayari. Tumefuta. Tayari dada, kazi njema. Wengine waliweka kidole gumba tu. Asubuhi iliyofuata nilikunywa chai na simu ikakaa kimya. Nikaizima na kuiwasha, kisha nikaifunika kwa kitambaa cha meza, nisiione.

Nilikuwa nafunga mlango nitoke, ikalia mkobani. Si ujumbe, ni mtu anapiga, namba nisiyoijua.

"Haloo. Naongea na ndugu wa mgonjwa?"

Ilikuwa sauti ya mtu mzima. "Ndiyo. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni wa mapokezi, zahanati ya huku kisiwani. Tumeagizwa tumfute mgonjwa wenu. Sasa nikasema, mtu hafutwi hivihivi ndugu zake hawana taarifa. Namba yako nimeikuta kwenye faili lake." Akasita. "Hebu. Sauti hii naijua. Si wewe wa bofya hapa, bofya hapa?"

"Ndiyo mimi, mzee."

"Loo! Kumbe!" Akacheka vizuri sana. "Huyu mama nampokea mimi kila asubuhi. Kompyuta hii ina kiburi, lakini nikishampokea yeye, siku inakwenda. Ni nani wako?"

"Mama yangu mzazi."

"Aa, safi. Anaendeleaje?"

Tangu tumzike hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Niliegemea mlango.

"Alishatangulia, mzee. Hata kabla ya hiyo video."

Nikamsikia akivuta kiti na kukaa. "Pole, mwanangu. Pole sana. Alikuwa anasumbuliwa na nini?"

"Presha."

"Mbona hapa imeandikwa malaria?"

"Niliandika mimi. Malaria inapona."

"Enhee," akasema polepole. "Enhee." Halafu akashusha sauti. "Sasa niambie wewe, mwenye mgonjwa. Nimfute?"

Jibu nililijua. Nilikuwa nimelirekodi kwa sauti safi kuliko zote.

"Wewe unaonaje, mzee?"

"Mimi?" Akakohoa. "Mimi naona mtandao wa huku unasumbua."

Nilifika ofisini nimechelewa. Bosi alikuwa na orodha mbele yake, anaweka alama kwa kalamu, na uso wake ulikuwa na nafuu.

"Wote wamemfuta, dada. Imebaki zahanati moja tu, ya kisiwani. Wana nini wale?"

Nikaliweka bega sawa. "Mtandao, bosi. Huko mtandao unasumbua sana."

Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema basi tuwape muda. Simu yangu ikalia mkobani, mlio wa ujumbe, mara moja, kisha tena. Bosi akautazama mkoba, akanitazama mimi. Nikamwambia ni shangazi, anatafuta sufuria lake.