Akala Nyuma ya Ukuta

Juzi nilirudi Jericho, mtaa wetu wa Nairobi. Nilipofika kando ya kanisa letu, miguu yangu ilikataa kupita. Wewe uliyekulia hapa utanielewa.

Kabla ya kanisa palikuwa na uwanja mtupu na harufu ya dagaa wa omena kutoka kwa jirani. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Amerika, msanifu majengo. Sisi Wamormoni hatunywi chai, kwa hivyo nyanya yangu alimpikia uji wa wimbi. Mzee alivaa akala za matairi kutoka soko la Kariokor, nazo zililia kwap, kwap.

Nyanya alikuwa anapoteza macho. Hofu yake ilikuwa moja tu: kuingizwa kanisani akishikwa mkono kama mtoto. Mzee akachora kanisa zima chini kwa chokaa, kwa ukubwa wake halisi. Kila Jumamosi alitangulia, nyanya akifuata mlio wa akala. Penye mlango wa hewa, uliochorwa tu, nyanya alisimama.

"Hodi!"

"Karibu, Mama."

Kisha moja kwa moja hadi mahali pake pa kuketi. "Nyumba huanzia miguuni," mzee alizoea kusema.

"Mama, mzungu amekujengea nyumba ya hewa!" jirani alicheka akichambua omena.

"Angalau yangu haivuji," nyanya alimjibu.

Mzee alirudi kwao kutibiwa, akafia huko. Waashi walijenga, lakini mlango wakauhamishia upande wa barabara. Hakuna aliyekumbuka kumwambia nyanya.

Siku ya kufungua kanisa, nyanya alivaa malapa laini ya mpira kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Akakataa mkono wangu. Alikwenda penye mlango wa zamani, akasimama mbele ya ukuta.

"Hodi!"

"Mtoe hapo, ataumia," jirani alininong'oneza. Nikamsogelea. Ndipo ndani kukasikika kwap, kwap, mpaka upande wa pili wa ukuta, kukatulia. Kanisa lilikuwa bado limefungwa kwa kufuli.

Nyanya aliweka kiganja ukutani, akacheka kidogo. Mlio ukaanza tena, ukizunguka kwa ndani, naye akaufuata kwa nje, kiganja kikiteleza kwenye plasta hadi mlango mpya. Kufuli likafunguliwa. Akaingia peke yake, akaketi mahali pake. Jirani alikuwa amevua kitambaa cha kichwa, sijui kwa nini.

Nyanya hayupo tena. Jirani alihama, na harufu ya omena ikaenda naye. Juzi kufuli lilikuwa mlangoni. Niliweka sikio kwenye ukuta ule, nikataka kupiga hodi, nikaogopa.

Kwap, kwap. Na mbele ya akala, bila haraka, malapa yakilamba sakafu.