Kaseti Mbili za Kantri

Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kiingereza pale Kasulu, na alikuwa na kaseti mbili za kantri, ule muziki wa mashambani wa Wamarekani, alizokuja nazo kutoka chuoni. Moja aliimba mwanamume, nyingine mwanamke. Jumapili mchana, walimu wenzake wakija, alizipiga zote mbili, akisimamisha redio kila wimbo unapoisha ili amweleze mama kisa chake. Mama, Muha wa kijiji cha Nyakitonto aliyeishia darasa la nne, hakujua Kiingereza.

Kwa maelezo ya baba, mwanamume wa kaseti ya kwanza aliuza shamba lake lote akanywea pombe, mkewe akavumilia mpaka mume akaacha kunywa. Mwanamke wa kaseti ya pili alimkimbia mume, akahangaika mijini, akarudi kwa magoti kuomba msamaha. Kisha baba alimgeukia mama mbele ya wageni, akamuuliza yeye anafanana na mwanamke yupi. Mama alijibu ni yule wa kwanza, aliyevumilia. Walimu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Mwaka baba alipomvunja mkono, mama alikwenda kwao. Alikaa siku tisa, akarudi mwenyewe na kapu lake kichwani. Baba hakumpiga. Alimpigia kaseti ya pili, pande zote mbili.

Mwaka jana, nikiwa muuguzi Kibondo, nilizikuta albamu za kaseti zile kwenye simu, nikazisikiliza kwa Kiingereza changu mwenyewe. Mke wa yule mlevi anakufa katikati ya albamu, na mumewe anaendelea kunywa. Yule mwanamke wa pili harudi. Katika wimbo wa mwisho anapaka rangi nyumba yake, watoto wanacheka.

Nilipanda basi kwenda Kasulu nikiwa na furaha ya mtu aliyebeba zawadi. Mama alikuwa uani akipukuchua maharage, baba amelala ndani. Nikamsimulia wimbo kwa wimbo. Aliuliza jambo moja tu: kama kweli yule mwanamke hakurudi. Nikamwambia hakurudi.

"Ningejua hilo nikiwa Nyakitonto, nisingerudi," alisema. "Sasa nina miaka sitini na tatu. Umeniambia ili nifanye nini?"

Akaniomba niondoke kabla baba hajaamka.

Nimempigia mama simu mara nyingi tangu siku ile. Huwa anapokea baba, ananiambia mama yuko shambani.