"Imekwisha," Ikaniandikia

Nichekeni mkitaka, mimi mwenyewe kicheko kimenikauka.

Mimi ni fundi wa kompyuta katika zahanati moja hapa Malindi. Juzi niliambiwa nihamishe mafaili ya wagonjwa kutoka kompyuta kuukuu hadi mpya. Nikaandika skripti, yaani programu fupi ya maagizo, iliyogawa kunakili huko katika kazi kumi, zote ziende chinichini kwa pamoja, nami nifuatilie kwenye skrini nyeusi. Kwa maringo yangu, nikaiagiza iseme Kiswahili: kazi ikisimama, iandike "imekwisha". Sikuifundisha kutofautisha kazi iliyomalizika na iliyokufa njiani.

"Imekwisha" zikatoka kumi, upesi ajabu. Nami nikajisifu kwa ule upesi!

"Imekwisha?" akauliza Bi Rukia, mtunza mafaili.

"Imekwisha, Bi."

Papo hapo nikafuta kila kitu kwenye ile kompyuta kuukuu.

Kesho yake akaja mama kutoka Marafa na mtoto wake, mgonjwa wa moyo tangu azaliwe. Bi Rukia akatafuta faili kwenye kompyuta mpya, akatafuta tena, kisha akaniita mbele ya foleni nzima.

"Mwanangu, mafaili ya watoto yako wapi?"

Nikafungua mwenyewe. Hamna hata moja. Kumbe kazi iliyobeba mafaili hayo ilikufa njiani.

"Kuna nini, Bi?" mama akauliza kwa adabu.

"Miaka minne ya matibabu ya mwanao, mama," Bi Rukia akamjibu, macho kanikazia mimi. "Imekwisha."