Bango la Matope

Juzi nilikuwa kwenye duka la kuchapisha mabango, Kariakoo, nikisubiri kadi za harusi ya binti wa jirani. Mashine ikatema bango refu la mistari mitupu, kama khanga zilizokunjwa na kurundikwa.

"Dada, hili la harusi au la msiba?" fundi akauliza.

"La matope," akajibu mwenye bango, dada mwenye miwani. "Ya mbali, mahali sakafu ya bahari inapojiingiza chini ya nchi kavu. Sisi watafiti tunapiga sauti hadi chini, kila tabaka linarudisha mwangwi wake." Akaweka ukucha kwenye mstari mmoja. "Tabaka hili likiwa laini, ardhi inateleza taratibu. Likiwa gumu, inakwama. Siku ikiachia, ni tetemeko na mawimbi."

"Mh!" Fundi akageukia mteja mwingine, kisha akakumbuka. "Umekuja na nani akushikie upande wa pili, mlikunje?"

"Nimekuja mwenyewe."

Nikashika mimi. Tukawa tunalikunja huku akinieleza mstari baada ya mstari, haraka haraka, kama mtu ambaye salio la simu linakaribia kuisha.

"Sasa nyumbani utalibandikaje, mwanangu?" nikamuuliza.

"Nabandika upande huu, mzee. Nikienda kubandika ule, huu unaanguka."

Mji huu hauozeshi wala hauziki bila kamati, na mimi nimekaa kwenye kamati nyingi kuliko ninavyokumbuka. Lakini siku ile sikufikiria kumtafutia hata mtu mmoja wa kumshikia upande wa pili; nilimwambia tu, "Haya, kazi njema," nikarudi kusubiri kadi zangu.