Mpembuzi wa Jotoardhi

Evodia alikuwa na mdomo, hilo halifichiki, lakini kwa kupembua mtama hakuna aliyemfikia katika vijiji vyote vya upande wa Iguguno. Miaka ile ya soko huria, mitumba na wataalamu walipokuwa wakishuka kama kutoka lori moja, mwenyekiti Petro alitangaza mkutanoni kwamba wageni wanakuja kwenye chemchemi ya maji moto kufanya upembuzi yakinifu. Walitaka kujua kama joto la ardhini linaweza kutoa umeme, na kama umeme huo utalipa.

Evodia alisikia neno moja tu. Upembuzi! Jioni hiyohiyo akamtambia wifi yake Theresia, aliyemdharau tangu siku ya harusi, kwamba mradi umemwajiri.

Asubuhi akatokea chemchemini na ungo mpya. Injinia Idrissa akamwamkia, "Shikamoo, mama," lakini aliposikia kilichomleta alicheka mpaka akakaa chini. Akamweleza taratibu kwamba wanachopembua wao ni hesabu: gharama ya kuchimba visima na faida ya umeme, kipi kitazidi. Evodia alitamani ardhi ipasuke immeze. Na Theresia huyo, keshafika na wenzake kutazama.

"Mwanangu," akanong'ona, "maji nimeshayavulia nguo. Nipe hata mawe."

Idrissa akamhurumia, akammwagia kokoto kwenye ungo. Evodia akazipembua kwa madaha, kiuno na shingo vikishiriki, mpaka Theresia akaondoka bila kuaga.

Mvua zilipokwisha, majibu yakaja. Joto lipo, Idrissa aliwaambia wanakijiji, ila maji yanayotoka hayana moto wa kutosha kuzungusha mtambo. Kuchimba kufuata moto zaidi kungekula fedha kuliko umeme ungerudisha, na wanunuzi wenyewe wachache. Watu walisikitika kweli. Wengine walishaanza kugombania mahali pa kusimika nguzo.

"Kwani nani alipembua?" Theresia akauliza kwa sauti.

Macho yote yakamgeukia Evodia. Ukweli ungemwokoa, na Idrissa alishafungua kinywa amtetee. Evodia akamuwahi, akasimama.

"Nilipembua mimi. Makapi yalizidi."

Walimzomea mpaka nyumbani kwake. Theresia alimnunia tangu siku hiyo, ila kila akimsengenya alimwita mtaalamu.